Tupake Grisi Mapema: Urithi Wetu na Siku za Vurugu

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, kata ya Kidahwe, mkoani Kigoma. Wengi mliomba niiweke hapa. Nimeinyoosha kidogo tu ili isomeke.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokuja kutusikiliza, shikamooni. Mama zangu mlioacha meza zenu za mawese na dagaa ili mje hapa, shikamooni. Vijana wenzangu, mwakeye!

Najua mlitegemea nizungumzie katiba mpya, tume huru na ajira. Hayo tutayazungumza, na tumeyazungumza sana. Leo nimeomba nafasi ya kuzungumzia urithi wetu: makaburi ya babu zetu, mahame yao, majina ya milima na mito yetu, ngoma zetu, Kiha chetu, majengo ya zamani ya Ujiji na Kigoma, na ile meli pale bandarini. Nataka tujiulize vitu hivi vinapatwa na nini nchi ikichafuka, na sisi vijana tufanye nini kabla haijachafuka zaidi.

Nawaona wa nyuma mnacheka. Kuna mtu ameshaanza kumwambia mwenzake, "Huyu vipi? Watu wamekufa, vijana hawana kazi, yeye anatuletea habari za makaburi na ngoma?" Haya, ndugu yangu, nakujibu.

Wewe ni Muha. Umepanda basi kwenda Dar es Salaam. Kwenye kizuizi basi linasimamishwa, abiria wanaangaliwa usoni, wewe unaambiwa shuka. Unaulizwa, "Wewe ni wa wapi?" Unasema Kigoma. "Kigoma ipi? Baba yako amezaliwa wapi? Babu yako amezikwa wapi? Sema jina la mwenyekiti wa kijiji chenu." Ukijibu kwa lafudhi ya nyumbani, ndiyo umeharibu kabisa. Ni nani hapa hajawahi kuulizwa hivyo, au hana ndugu aliyeulizwa? Nyoosheni mikono. Hakuna. Si ndiyo?

Sasa sikieni. Swali la "babu yako amezikwa wapi" ni swali la urithi. Kijana wa Kilimanjaro anaulizwa kwa maongezi tu. Kijana wa Kigoma anaulizwa kwa sababu jibu lake linaamua kama ataendelea na safari au atabaki chini ya mti na begi lake. Na siasa ikichafuka, swali hilo linaulizwa mara mbili zaidi. Kwa hiyo msiniambie urithi ni mambo ya watalii. Kwetu sisi urithi ni ushahidi kwamba tupo, na kwamba tulikuwepo.

Tuko njia panda

Angalieni mahali tulipo. Kidahwe ni njia panda. Ukishika barabara hii unaenda Uvinza, halafu Tabora. Ukishika ile unaenda Kasulu, Kibondo, Kakonko mpaka Nyakanazi. Ukirudi nyuma uko Ujiji na Kigoma mjini, na ziwa lenyewe.

Kila kilichotikisa ukanda huu wa Afrika kimepita karibu na hapa. Chumvi ya Uvinza ilitembezwa huku na huku. Watafiti waliochimba kule miaka ya 1960 walikuta kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi mahali pale kwa zaidi ya miaka 1,000. Misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka Ujiji ikapita Uvinza na Tabora hadi Bagamoyo. Mwaka 2006 serikali yetu iliipeleka njia hiyo UNESCO, iwekwe kwenye orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Ujiji ni mojawapo ya vituo vyake. Halafu wakaja wakimbizi: kutoka Burundi mwaka 1972, tena 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa, kutoka Kongo 1996, na kutoka Burundi tena 2015. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka ule ameshakuwa mtu mzima mwenye watoto.

Kwa hiyo sisi watu wa Kigoma hatuhitaji kwenda chuo kikuu kujifunza maana ya nchi kuchafuka. Tumewaona majirani wakifika na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mmewahi kujiuliza ni vitu gani walishindwa kubeba? Godoro unabeba. Sufuria unabeba. Kaburi la mama yako hulibebi. Mti ambao ukoo ulikuwa unakutana chini yake huubebi. Na mzee anayejua jina la ukoo mpaka kizazi cha nane, mara nyingi miguu yake haifiki mpakani.

Meli yetu inatufundisha

Nawapa mfano wa hapahapa nyumbani. Wote mnaijua Liemba. Wengine mmeipanda, wengine mama zenu wamepakia mizigo humo kwenda Kasanga na Mpulungu. Lakini historia yake mnaijua?

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, vikatiwa kwenye masanduku, vikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam, vikapandishwa kwenye reli ya kati, vikafika Kigoma. Ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915, vita vikuu vimeshaanza. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wakaona Kigoma inawaponyoka, Wabelgiji wanakaribia. Wakaamua kuizamisha wenyewe ili adui asiipate.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliichukua ile injini wakaipaka grisi nzito kila mahali. Amri ilikuwa ni kuzamisha, na walizamisha. Lakini walijua kuna siku mtu atakuja kuitoa. Ikakaa chini ya maji. Wabelgiji wakajaribu kuitoa, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, wakakuta injini bado iko vizuri. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Na mwezi Mei 2015, wakati makumi ya maelfu ya Warundi wamebanana pale Kagunga, kwenye kile kipande chembamba cha ufukwe chini ya milima kisicho na barabara, ni Liemba hiyohiyo iliyowasomba kuwaleta Kigoma. Grisi iliyopakwa mwaka 1916 iliokoa watoto wa mwaka 2015.

Mafundi wale hawakuweza kuzuia vita, na sisi hapa Kidahwe hatuwezi peke yetu kuzuia nchi isitikisike. Lakini grisi tunaweza kupaka. Na grisi haipakwi meli ikiwa imeshazama. Hilo ndilo neno langu la leo. Mengine yote ninayosema ni maelezo yake.

Urithi unapotea vipi

Watu wengi wanadhani urithi unapotea siku ya moto. Wanaona picha za majengo yanaungua, wanasema basi, historia imekwisha. Mara nyingi historia ilikuwa imekwisha zamani. Moto ulikuja kumalizia tu.

Tuanze na ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1884 kulikuwa na ofisa wa Kibelgiji anaitwa Émile Storms, kituo chake kiko Mpala, upande wa Kongo wa ziwa hili hili. Alimpiga vita mtemi mmoja wa Watabwa aitwaye Lusinga. Lusinga akakatwa kichwa. Fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, na sanamu yake ya mti, ile iliyobeba heshima ya ukoo wake, ikapelekwa pia. Leo sanamu hiyo ni mali ya makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Wakati mtemi ameuawa na watu wametawanyika porini, nani angesimama kuuliza sanamu iko wapi? Mwaka 2022 serikali ya Ubelgiji iliwakabidhi Wakongo orodha ya vitu kama 84,000 vilivyoko kwenye makumbusho yake. Fikirini hilo. Orodha ya mali za Wakongo ilitoka kwa Wabelgiji. Aliyechukua ndiye aliyeandika. Aliyechukuliwa alibaki na kumbukumbu za wazee, na wazee wanakufa.

Twende Burundi. Ngoma ya kifalme ya Burundi mnaijua, ukiisikia mwili unasisimka. Karyenda ilikuwa ngoma ya mwami, alama ya nchi yenyewe. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, ngoma ikabaki mikononi mwa watu. Mwaka 2014 UNESCO ikaiandika kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote. Mwaka 2015 nchi ikachafuka. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais: wanawake wasipige ngoma hiyo, na vikundi visiipige kwenye shughuli bila kibali cha serikali na kulipia. Mnaona? Hakuna aliyeichoma ngoma. Iliwekewa mlango tu, na ufunguo ukakaa kwa mkubwa. Na wakati huohuo Warundi waliokuwa kwenye kambi zetu za Kasulu na Kibondo waliipiga, wakawafundisha watoto waliozaliwa Tanzania. Walikuja bila kitu, lakini mikono yao ilikuwa inakumbuka. Hiyo nayo ni grisi.

Sasa turudi nyumbani, tusiwaseme majirani tu. Mwaka 1972 hapa kwetu kulikuwa na Operesheni Kigoma. Watu walihamishwa kutoka kwenye miji yao ya asili kwenda vijiji vipya. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, nchi nzima. Sisemi kila kitu cha vijiji kilikuwa kibaya. Shule zilikuja, zahanati zilikuja, na wengi wetu tumesoma kwa sababu hiyo. Lakini muulize mzee yeyote hapa mbele: nyumba ziliachwa, migomba iliachwa, makaburi yaliachwa. Yakabaki mahame. Nani aliandika mahame yale ni ya nani? Mpaka leo mzee anaweza kukunyooshea kidole, "Pale kwenye ule mwembe, ndipo kwa babu yako." Mzee akiondoka, kidole kimeondoka naye. Halafu wewe unasimamishwa kwenye kizuizi unaulizwa babu yako amezikwa wapi. Jibu lilikuwa kwenye kidole cha mzee.

Na kabla ya hapo, mwaka 1963, tawala za machifu zilifutwa kisheria. Kule Heru mwami wa mwisho aliyejulikana nchi nzima alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Ni binti wangapi hapa wanajua kwamba Buha iliwahi kuongozwa na mwanamke kabla nchi haijapata uhuru? Tunaambiwa uongozi wa wanawake ni mambo ya juzi. Ni ya juzi kwa asiyejua ya kwao.

Hata tunachokihifadhi, tunahifadhi kwa jina la nani? Nenda Ujiji. Kuna makumbusho na mnara pale ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Ni pazuri, patunzwe. Lakini majina ya wapagazi waliobeba mizigo yao yako wapi? Na waliopita Ujiji wakiwa na minyororo shingoni, wanatajwa kwa jina gani? Serikali ya mkoloni ilichagua wa kukumbukwa, na serikali zilizofuata hazikuhangaika sana kubadilisha orodha.

Oktoba

Sasa niseme jambo ambalo ni gumu, na nitalisema kwa utaratibu.

Oktoba 29, 2025 nchi yetu iliingia mahali ambapo hatukuwahi kufika. Mnajua kilichotokea. Watu waliuawa. Intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Kuna familia mpaka leo hazina kaburi la kwenda kuweka ua. Msimamo wetu kuhusu mauaji yale haujabadilika: tunataka ukweli, tunataka uwajibikaji, tunataka haki kwa waliopoteza watu wao.

Lakini siku zilezile, katika miji kadhaa, majengo ya umma yalichomwa moto. Nataka tulizungumze hili sisi kwa sisi, bila kumpa mtu yeyote sababu ya kuhalalisha risasi. Maana risasi haihalalishwi na jengo.

Ndani ya ofisi ya kata au ya kijiji kuna nini? Kuna meza mbovu na kalenda ya miaka mitatu iliyopita, najua. Lakini kuna daftari la wakazi. Kuna mihutasari ya mikutano. Kuna karatasi za mashamba. Kuna ule ushahidi kwamba mama yako alifika kulalamikia mpaka wa shamba mwaka 1998 akashinda. Karatasi hizo zikiungua, mkubwa hapati hasara. Mkubwa ana hati yake benki, ana wakili wake mjini. Anayepata hasara ni yule mama. Na hapa Kigoma, ambapo uraia wetu unaulizwa kila siku, kuchoma daftari la kijiji ni kuchoma kitambulisho cha jirani yako.

Mimi nasema wazi: sisi hatuchomi. Na sisemi hivyo kwa kuwaogopa polisi. Nasema kwa sababu ni vyetu. Hata jengo la watu tusiokubaliana nao kisiasa. Pale mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, ndipo ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Kule Tabora, Januari 1958, ndipo TANU ilipoamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi unaojulikana kama uamuzi wa busara. Historia hiyo haina kadi ya chama. Babu zetu waliokuwa wanalipa senti zao kule Ujiji na Kasulu hawakuzilipa ili wajukuu wao waje wanyang'anywe historia, iwe na watawala au na hasira zetu wenyewe.

Kuna upande wa pili. Intaneti ilipozimwa, vijana wengi waligundua kwamba kila kitu chao kiko hewani. Picha za bibi, sauti za babu, video za harusi na misiba, vyote viko kwenye simu moja na kwenye akaunti moja. Simu ikichukuliwa, au ikianguka, au mtandao ukizimwa, ndiyo basi. Tumejenga kumbukumbu zetu juu ya swichi ambayo ufunguo wake anao mtu mwingine, kama ile ngoma ya Burundi.

Wenzetu walifanya nini

Msidhani hili haliwezekani. Januari 2011, Cairo, katikati ya mapinduzi, polisi wakatoweka barabarani na wezi wakaingia Makumbusho ya Misri. Vitu kadhaa viliibiwa. Waandamanaji walioko pale Uwanja wa Tahrir, vijana kama nyinyi, wakashikana mikono wakalizunguka jengo. Walikuwa wanampinga Mubarak usiku na mchana, lakini walijua Tutankhamun si mali ya Mubarak.

Mwaka 2012, Timbuktu nchini Mali, wapiganaji wenye silaha waliuteka mji wakaanza kubomoa makaburi ya mawalii. Familia za pale zilikuwa na maandiko ya kale, maelfu kwa maelfu, mengine ya mamia ya miaka. Wakutubi na watu wa kawaida wakayatia kwenye masanduku ya bati, wakayasafirisha usiku kwa magari, kwa punda na kwa mitumbwi kwenye mto Niger mpaka Bamako. Hawakungoja mwanajeshi. Na aliyeongoza ubomoaji wa makaburi, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2016 kifungo cha miaka 9. Kubomoa urithi wa watu kwa makusudi wakati wa vita ni jinai ya kimataifa.

Mnaona kilichowaokoa watu wa Timbuktu? Walijua walichonacho. Kila familia ilijua maandiko yake yako kwenye sanduku gani. Huwezi kuokoa usichokijua, na huwezi kudai usichokiandika.

Sheria tunayo

Watu wanasema hakuna sheria. Ipo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Ina Sera ya Malikale ya mwaka 2008. Imeridhia mkataba wa urithi wa dunia mwaka 1977 na ule wa kulinda urithi usioshikika, yaani ngoma, hadithi na ujuzi wa mikono, mwaka 2011. Na kijiji chenyewe, kwa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, kinaweza kutunga sheria ndogo. Mkutano mkuu wa kijiji ukiamua kwamba makaburi yale na msitu ule wa matambiko havilimwi wala havichimbwi mchanga, halmashauri ya kijiji inaandaa sheria ndogo, inapeleka wilayani kuidhinishwa. Haihitaji kusubiri tushinde uchaguzi. Inahitaji watu waende kwenye mkutano wa kijiji, ule ambao vijana mnauacha kwa wazee halafu mnalalamika kwenye WhatsApp.

Tufanye nini

Sasa kazi. Sikuja hapa kuwapa hotuba mpige makofi mwende kula.

Kwanza, kila tawi lianzishe daftari la urithi. Daftari la kawaida, la karatasi, kubwa, jalada gumu. Humo mtaandika mahame ya eneo lenu na ni ya ukoo gani, makaburi ya zamani, miti na mawe yenye majina, asili ya majina ya vijito na vilima, majengo ya kale, nani anajua kutengeneza ngoma, nani anajua dawa, nani anajua hadithi za ukoo. Mwandike jina la aliyesema na tarehe aliyosema.

Pili, anzeni na wazee wenye umri mkubwa zaidi. Msianze na majengo, majengo yatangoja kidogo. Mwende wawili wawili, kijana wa kiume na binti, maana kuna mambo bibi hawezi kumwambia mvulana. Mwende na sukari au sabuni, kama adabu zetu zinavyotaka. Ongeeni Kiha. Ukimuuliza bibi kwa Kiswahili cha ofisini atakujibu kama anamjibu karani wa sensa.

Tatu, ombeni ruhusa. Mkirekodi sauti, mzee ajue inakwenda wapi na nani ataisikia. Kuna mambo ya ukoo hayasemwi nje, na mkiambiwa hili msiandike, kalamu chini. Kulinda siri ya watu nako ni kulinda urithi.

Nne, nakala tatu, mahali patatu. Moja ibaki kijijini kwa mtu mnayemwamini wote. Moja ikae nje ya kijiji, kwenye shule, kanisani au msikitini. Ya tatu ipigwe picha na iwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu na mtandaoni pia. Mtandao ukizimwa, karatasi ipo. Karatasi ikiungua, kadi ipo.

Tano, na hapa naomba mnisikilize vizuri: daftari hili lisiwe la chama. Lisiwe na nembo yetu, lisiwe na rangi zetu. Waiteni vijana wa chama tawala, waje. Waiteni wasio na chama. Waiteni walimu. Tukiligeuza kuwa la kwetu, siku mambo yakichafuka litakuwa la kwanza kuchanwa, na tutakuwa tumewaponza wazee waliotuamini. Atakayesema, "Sasa chama kinafaidika nini?", mwambieni chama kinachotaka kuongoza nchi lazima kionyeshe kwamba kinaweza kutunza kitu kisicho chake.

Sita, wageni walioko kambini tusiwasahau. Wao wana urithi wao, na kati yao kuna ambao Kirundi chao na Kiha chetu vinaelewana bila mkalimani. Siasa za chuki zinataka tuwaone kama doa linalotuchafulia uraia wetu. Sisi tukijua vizuri tulikotoka, hatutakuwa na sababu ya kumwogopa jirani kwa sababu tu anaongea kama sisi. Anayetikisika akimwona mgeni ni yule asiyejua kwao.

Ndugu zangu, namalizia. Wazee waliosema mwacha asili ni mtumwa walisema kwenye nchi ambayo utumwa ulipita kwa miguu, na ulipita hapa. Sisi tunadai katiba, tunadai kura zihesabiwe, tunadai haki za waliouawa. Tutaendelea kudai. Lakini siku tutakapopata hiyo serikali tunayoitaka, itaanza kuwahudumia watu gani, kama wenyewe hatujui ni akina nani na tulitoka wapi?

Mwenyekiti, naomba kabla kikao hakijafungwa kila tawi litaje majina ya watu wawili watakaoanza kazi hii wiki ijayo, na jina la mzee wa kwanza watakayemtembelea. Yaandikwe kwenye muhtasari. Kikao kijacho tuanze na ajenda hiyo: daftari limefika ukurasa wa ngapi.